Perege wa Korogwe Nyumbani Handeni

Mwalimu wetu wa Baiolojia ameniomba niandike habari za samaki ninaowafuga nyumbani, kwa sababu wanafunzi kadhaa wameniuliza jinsi ya kuanza, na wawili wamekwisha kuanza nao samaki wao wamekufa. Wangu wa kwanza walikufa pia. Basi nitaeleza vifo hivyo bila kuficha, maana ndivyo vilivyonifundisha.

Mwanzo sikutaka perege. Binamu yangu wa Dar es Salaam alinionyesha picha ya samaki wa rangi ya machungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, ambaye Waingereza wamempa jina la mchekeshaji wa sarakasi. Kwao ni mito ya Sumatra na Borneo, na aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu, mwaka 1852, ni Pieter Bleeker, daktari Mholanzi aliyekuwa akikaa Batavia, mji uitwao leo Jakarta. Ni samaki mzuri mno. Ana mwiba uliofichika chini ya jicho, na hupenda kulala ubavu hata mwenyewe hudhani amekufa. Binamu akasema atanitafutia mmoja.

Mwalimu aliposikia aliniuliza maswali. Je, wajua ya kuwa huyo auzwaye akiwa na urefu wa kidole aweza kukua mpaka sentimeta 30? Wajua ya kuwa hapendi kukaa peke yake, bali hutaka wenzake wanne au watano, na kwamba huweza kuishi zaidi ya miaka 20? Tena, huyo ataka maji ya joto la nyuzi 25 mpaka 30; usiku wa mwezi wa Julai hapa Handeni nani atampashia? Sikuwa na jibu. Akasema, "Kuna samaki mwenye jina la mji wa jirani. Mbona humtaki huyo?"

Huyo ni perege wa Korogwe. Mtaalamu wa Kiingereza, Bibi Rosemary Lowe, alimwandika mwaka 1955 akampa jina la mji ule, na leo vitabu humwita Oreochromis korogwe. Katika andiko lile lile alimweleza pia perege wa Ziwa Jipe, ambaye sasa amehesabiwa miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Mimi nimepita darajani Korogwe mara nyingi, nisijue ya kuwa chini yangu mna samaki aliyepeleka jina la Korogwe katika majumba ya elimu ya Ulaya.

Nina mjomba akaaye Korogwe, karibu na Mto Pangani, ambao wazee wengi huuita Ruvu (nayo si ile Ruvu ya Pwani). Alinipatia perege wadogo sita, urefu wa kidole cha kati. Niliwasafirisha kwa basi katika ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, maji nusu na hewa nusu, na juu nikafunika khanga mbichi ili ndoo isipate moto. Wote walifika wazima. Nyumbani sanduku la kioo lilikuwa tayari: fundi wa madirisha alilikata na kuligandisha kwa silikoni, urefu sentimeta 90, upana 35, kimo 40. Ukilijaza mpaka kimo cha sentimeta 35 lachukua lita 110 na kidogo, yaani kilo 110 za maji peke yake, bila kioo wala mchanga. Usithubutu kuliweka juu ya meza ya miguu myembamba.

Nilijaza maji ya bomba asubuhi, na jioni ile ile nikatia samaki. Kisha, kwa kupenda usafi, kila siku nilimwaga maji yote nikatia mengine. Siku ya tatu wawili walielea juu. Waliobaki walikuja usoni pa maji wakihema kwa midomo wazi, na matamvua yao yalikuwa mekundu kama yaliyochubuka. Siku ya tisa alikufa wa mwisho. Bibi yangu, ambaye alikuwa akitazama bila kusema, safari hii alisema. "Mjukuu wangu, watu wanapanga foleni na ndoo tangu alfajiri, wewe wawapa maji samaki nao wanakufa humo humo. Maji hayo si ningechemshia maharage?"

Kila mtu wa Handeni aelewa uzito wa maneno hayo. Hapa maji si kitu cha kuchezea. Sehemu ya maji yetu husukumwa kutoka mto ule ule wa Pangani, na siku yasipofika twanunua kwa ndoo. Nilipiga hesabu nikaona nimemwaga karibu lita 1,000 kuua samaki sita. Niliona haya, na kwa majuma mawili sikutaka hata kulitazama sanduku lile.

Kosa langu lilikuwa nini? Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Mtoni hutawanyika, lakini katika sanduku hubaki pale pale samaki anapovutia pumzi. Kinachoiondoa ni bakteria wa namna mbili: wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Hujishika katika mchanga, mawe na vitu vyenye matundu, nao huzaana polepole; sanduku jipya lahitaji majuma manne mpaka sita ndipo watoshe. Mimi sikuwapa hata siku moja. Tena maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maradhi, nayo haichagui kijidudu kibaya na kizuri, na matamvua huyaunguza. Basi kila siku nilipokuwa nikifanya usafi nilikuwa nikitia dawa mpya.

Mara ya pili nilisubiri masika. Maji ya mvua kutoka batini niliyakinga katika pipa, nikayachanganya na ya bomba yaliyokaa siku mbili katika ndoo wazi ili klorini itoke. (Maji ya mvua matupu hayafai, kwa kuwa hayana chumvi za madini.) Nilitia mchanga wa mtoni ulioshwa, magugu ya majini, na pampu ndogo ya hewa inayovuta maji kupitia kipande cha sponji. Kisha kila siku nilitia chembe za chakula kana kwamba samaki wamo, ili bakteria wapate kitu cha kula. Majuma sita. Jirani zetu walikuja kutazama samaki, wakakuta sanduku la maji na mimi nikililisha, wakaenda zao wakicheka.

Baada ya hapo nilitia perege wanne tu, naye Bibi alikubali kwa sharti: ndoo moja ya lita 20 kwa juma, isizidi, na maji yanayotoka yasimwagwe bure. Yanakwenda kwenye mchicha wake. Ile nitrati ambayo samaki hawaitaki ndiyo mbolea ya mboga, na sasa Bibi ndiye anayenikumbusha siku ya kubadilisha maji.

Chakula chao ni pumba za mahindi, mchicha uliochemshwa, na viluwiluwi vya mbu ninavyovikinga katika kopo nyuma ya nyumba. Wape kiasi wawezacho kumaliza kwa dakika mbili au tatu. Perege ataomba tena, usimwamini. Umeme ukikatika pampu husimama, nawe huna budi kuchota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, ili hewa iingie. Nimefanya hivyo usiku mzima mara moja, siku moja kabla ya mtihani. Na sponji usiioshe bombani. Ndugu yangu mdogo, kwa nia njema, aliiosha kwa sabuni ikang'aa, na kesho yake samaki walikuwa juu wakihema kama wale wa kwanza. Sponji hukamuliwa katika ndoo ya maji yaliyotoka sandukuni, basi.

Mwezi wa nane dume lilichimba shimo mchangani kama sahani, likawafukuza wengine wote. Baadaye jike mmoja akaacha kula. Kidevu kilimvimba, akajificha nyuma ya jiwe, na mdomo wake ukawa unachezacheza kama mtu atafunaye. Nilidhani ni ugonjwa nikataka kumtoa. Mwalimu alinikataza: "Huyo ana watoto mdomoni." Majike wa jamaa hii huokota mayai kwa mdomo mara tu wayatagapo, na huyahifadhi humo mpaka vifaranga waweze kuogelea, na muda huo hawali chochote cha maana. Tulimtenga na dume kwa kipande cha wavu. Baada ya siku 16 alifungua mdomo, wakatoka vifaranga kama vumbi. Bibi aliposogeza taa waliogopa, nao wote wakarudi mdomoni mwa mama yao kama moshi unaovutwa ndani. Bibi alikaa chini kwenye mkeka. Akaniambia nizime taa, nisimsumbue mzazi.

Waliokua ni 43, na sanduku la lita 110 haliwezi kuwalea. Mtu aliniambia nikawamwage mtoni au lambo lolote lililo karibu. Hapana. Perege na sato wakiwa wadogo huwachanganya hata wavuvi, na sato wa kufugwa wamekwisha kuenezwa katika maji mengi ya nchi yetu. Wakikutana na perege wenyeji huzaana nao. Huko Lindi, ambako perege wa Korogwe wapo pia katika maziwa madogo, wataalamu wamekuta damu yao imekwisha changanyika na ya sato. Samaki aliyekaa sandukuni aweza tena kuwa na maradhi asiyoyaonyesha. Kwa hiyo 30 nimewagawa kwa wafugaji wenye matangi yaliyozibwa, na waliobaki bado ninao, ingawa Bibi huuliza mara kwa mara watakuwa mboga lini.

Atakaye kuanza na aandae kioo chake kwanza, kisha aje kwetu siku ya Jumamosi na kopo lenye maji yaliyokaa siku mbili. Nitamkatia kipande cha sponji yangu iliyokomaa. Kitampunguzia majuma kadhaa ya kungoja, mradi asikiache kikauke njiani.