Dondoo muhimu: Kunoa sarufi ya Kiingereza ukiwa Old Moshi

Unajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS? Anza na nyakati za vitenzi, maana hapo ndipo wengi wetu huteleza. Kwetu "amefika jana" husikika bila kukwaza, lakini Kiingereza hakikubali "has arrived" ikae na "yesterday". Tumia habari unazozijua. Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hapa Tsuduni mwaka 1900. Mwaka umetajwa, basi andika "was hanged". Ukoo wake umekuwa ukitafuta fuvu lake kwa miongo mingi na kazi haijaisha, kwa hiyo andika "has been searching". Aya moja ya namna hii kila jioni, kuhusu kijiji chako mwenyewe, naiamini kuliko kurasa za kujaza nafasi.

"He" na "she" humchanganya hata msomi. Msimulie mwenzako habari za shangazi na mjomba mfululizo, naye akukatize kila ukikosea.

"Advice", "information" na "equipment" hazipokei "s".

Sarufi hubeba robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuzungumza, kwa hiyo usiifanyie mazoezi kwa kalamu tu. Mahojiano huchukua dakika 11 hadi 14. Jirekodi kwa simu muda huohuo ukishuka kwa miguu kutoka Kidia, kisha sikiliza na uandike makosa yako.

Insha ya pili katika sehemu ya kuandika ni maneno yasiyopungua 250 kwa dakika 40. Tenga dakika 4 za mwisho kukagua vitenzi pekee.