SOMO: DAWA YA KUHEMA IFIKE KIFUANI MWA MTOTO



Mtoto mwenye pumu (wengine huiita asima) akishikwa, njia za hewa kifuani mwake hukazana. Hewa hupita kwa shida na kifua hulia kama filimbi. Munganga anaweza kuwapa pompi ya salbutamoli. Dawa hii hufungua njia zile kwa dakika chache. Lakini inasaidia tu ikiwa imefika kifuani. Ikibaki mdomoni, mtoto anaendelea kuteseka, na dawa ya bei kali inaisha bure.

Kwa nini dawa inapotea?

Pompi inatupa dawa kwa mbio sana. Mtoto hawezi kuvuta hewa saa ileile pompi inapobonyezwa; hata watu wazima wengi hushindwa. Basi dawa inagonga ulimi na koo, inabaki palepale. Ndiyo maana tunaweka chombo chenye nafasi katikati ya pompi na mdomo. Dawa inapunguza mbio ndani yake, na mtoto anaivuta polepole.

Chupa inatosha

Chombo cha duka ni cha bei. Munganga Heather Zar na wenzake, kule Cape Town, Afrika ya Kusini, walitaka kujua kama chupa ya plastiki inaweza kufanya kazi ileile. Waliwapima watoto 88 wa miaka 5 mpaka 13 walioshikwa na pumu, na matokeo yakatangazwa mwaka 1999. Chupa ya mililita 500, iliyozibwa kwa gundi mahali pompi inapoingia, ilisaidia sawasawa na chombo cha duka. Chupa isiyozibwa ilisaidia kidogo kuliko hiyo. Kikombe chepesi cha plastiki ya povu kilikuwa cha mwisho. Kwa hiyo, mama, usione haya kwa sababu ya chupa yako. Angalia tu kama imezibwa.

Tundu hutobolewa kwenye kitako cha chupa, kwa kipimo cha mdomo wa pompi. Muuguzi atakusaidia kulitoboa na kuliziba. Chupa iliyokuwa na petroli au dawa ya wadudu isitumike kamwe.

Namna ya kumpa mtoto dawa

1. Osha chupa kwa maji ya sabuni. Usipanguse ndani, iache ikauke yenyewe. Mnajua kisanuo cha plastiki kikisuguliwa kinavuta vipande vya karatasi. Chupa iliyopanguswa nayo inavuta dawa, inaishika ukutani mwake.

2. Mkalishe mtoto wima magotini pako, umtulize kwanza. Akiwa analia, dawa kidogo sana inafika kifuani.

3. Tikisa pompi, uiingize katika tundu. Midomo ya mtoto ishike mdomo wa chupa, hewa isipite kando.

4. Bonyeza mara moja tu. Mtoto aheme polepole mara 5 ndani ya chupa. Kama munganga ameagiza zaidi, tikisa tena, uanze upya. Usibonyeze mara mbili pamoja.

Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji maski inayofunika pua na mdomo vizuri. Uliza kwa muuguzi.

Usingoje!

Mbavu zikiingia ndani anapohema, akishindwa kusema au kunyonya, akilegea, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, mkimbize hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Endelea kumpa dawa njiani.

Maulizo

- Kwa nini hatupanguse chupa ndani?
- Mtoto akilia, utafanya nini kwanza?
- Ni alama gani zinazokuambia usingoje?

Mufundishe na mama jirani, na yule bibi anayebaki na watoto wakati ninyi mko shambani. Mungu aliyetupa pumzi atusaidie kuwatunza watoto wetu.