Kupima Maendeleo ya Ufundi: Mfano wa Cheyo, Tabora

Katika somo hili tunaanza na mpagazi wa misafara. Tuseme alibeba kilo 30, akatembea kilomita 15 kwa siku: kazi yake ni 450. Mwenzake mwenye mzigo kama huo akitembea kilomita 12 anapata 360, yaani ufanisi wa asilimia 80. Tusimwite mvivu kabla ya kuuliza habari za chakula na afya yake. Akimfikia aliye bora, ufanisi umeongezeka, lakini ufundi ni ule ule. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kipeo chenyewe kilipanda. Wanafunzi wayatenganishe mambo haya mawili. Hesabu za wapagazi peke yake zisingebashiri garimoshi. Basi mwanafunzi asirefushe mstari wa grafu kabla ya kueleza kitakachousogeza.