Kumhesabu Mnyama Asiyeonekana: Somo la Uchunguzi

Tunapofundisha uchunguzi katika Sayansi, aghalabu tunachagua kitu kilichotulia: jani, jiwe au mbegu ya haragwe. Lakini viumbe wengi hawatulii. Kiboko wa Ziwa Burigi, ambalo tangu mwaka 2019 limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, hushinda majini mchana na hutoka usiku kula nyasi. Akizamia hufunga matundu ya pua, na kwa kawaida huibuka kuvuta pumzi baada ya dakika chache. Mchunguzi ataona vichwa 6, kisha 9, kisha 4. Je, aandike kipi?

Wataalamu wa sili katika Bahari ya Aktiki hukabiliwa na swali hilo hilo. Huwahesabu kutoka ndegeni wakati sili wamejilaza juu ya barafu, lakini walio chini yake hawaonekani. Basi huandika walioonekana, pamoja na saa na hali ya hewa, ndipo wakadirie waliofichika. Hesabu ni kitu kimoja, na kadirio ni kitu kingine.

Tusiwapeleke watoto ufukoni kamwe, kwani kiboko huua. Uwanja wa shule hapa Runazi unatosha. Wanafunzi 12 wajifiche nyuma ya ua. Kila mmoja, akianza kwa wakati wake, ainue kichwa kwa sekunde 10 na kuinama kwa sekunde 30. Wenzao, wasiojua idadi hiyo, wahesabu vichwa mara 5, kila baada ya dakika 1, bila kufuta walichoandika.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipofanya zoezi hili mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja aliandika 2, 4, 3, 1, 5. Jirani yake, aliyenong'onezwa idadi, aliandika 12 mara zote. Tukampa huyu vema, na yule tukamwekea alama ya kosa.

Jioni tulikokotoa upya. Wastani wa yule wa kwanza ulikuwa 3. Kila kichwa huonekana robo ya muda, kwa hiyo tuzidishe kwa 4: jibu ni 12. Aliyeandika alichokiona ndiye aliyetuonyesha njia ya kumfikia asiyeonekana. Kesho yake tulisahihisha daftari lake mbele ya darasa zima. Mwalimu asiyefanya hivyo hufundisha kunakili, hafundishi Sayansi.