Video kwa Kamera ya DSLR: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Walaji wengi huvutiwa na kamera ya DSLR kwa uzuri wa picha zake mnato, kisha huitegemea irekodi harusi au arobaini nzima. Ikumbukwe kuwa video ilikuja baadaye katika kamera hizi. Ya kwanza kuwa nayo, Nikon D90 ya mwaka 2008, ilirekodi dakika 5 tu kwa mkupuo mmoja katika ubora wake wa juu. Nyingi zilizofuata hukoma zenyewe zifikapo dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu forodha ya Umoja wa Ulaya ilitoza ushuru zaidi kamera zilizoweza kurekodi nusu saa au zaidi. Kamera hizo zingali zinauzwa, hususan zilizotumika. Ukiiacha kwenye stendi bila mtu wa kuiangalia, huenda ikazima kabla bwana na bibi harusi hawajavishana pete.

Sauti ndiyo huwaangusha wengi. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera hunasa mlio wa mota ya lenzi, mikwaruzo ya vidole na upepo. Na kwa kuwa hujipandisha yenyewe pakiwa kimya, vumi la feni hujaza kila nafasi mzungumzaji anapovuta pumzi. Kwa hiyo, kagua kama kamera ina tundu la milimita 3.5 la maikrofoni ya nje, na jingine la hedifoni. Si zote zinazo. Weka kiwango cha sauti kwa mkono, ili maneno ya juu kabisa yafike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Asiye na fedha ya maikrofoni anaweza kuweka simu inayorekodi karibu na msemaji, akapiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Kofi hilo litamsaidia mhariri kuoanisha sauti na picha. Kwa maoni yetu, njia hii huzidi maikrofoni nyingi za bei rahisi.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Chini ya taa za tyubu, rekodi fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, la sivyo picha huweza kumetameta.

Kuhusu kadi ya kumbukumbu, alama ya V30 humaanisha uandishi usiopungua megabaiti 30 kwa sekunde. Hata hivyo, alama huchapishwa pia kwenye kadi bandia, ambazo hudai ujazo mkubwa kuliko zilionao na kupoteza kinachozidi. Ijaze video hadi mwisho siku kadhaa kabla ya shughuli, kisha itazame yote kwenye kompyuta. Ikishindwa, irejeshe dukani pamoja na risiti iliyotaja jina na ujazo wa kadi. Risiti iliyoandikwa “vifaa” pekee itakupa kazi kubwa ya kuthibitisha dai lako.