Usafi Hutangulia Dawa: Utendaji wa Vipukusi na Upimaji Wake Maabara

Harufu kali ya klorini wodini huwapa faraja wagonjwa na ndugu zao, kwani wengi huichukulia kuwa dalili ya usafi. Hata hivyo, harufu hiyo yaweza kuendelea kusikika katika ndoo ambayo dawa yake imekwisha nguvu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtoto njiti na mgonjwa mwenye jeraha la moto ndio hudhurika zaidi kwa kosa hilo. Makala hii inaeleza kwa nini kusafisha hutangulia kupukusa, na jinsi maabara inavyobaini kama kipukusi, yaani dawa ya kuua vijidudu, kinafaa.

Hatua tatu zinazotofautiana

Kusafisha ni kuondoa damu, usaha, kinyesi na vumbi kwa maji, sabuni na kusugua. Hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya vijidudu. Kupukusa ni kuua vijidudu vingi vilivyobaki kwa kemikali au joto, ingawa spora za bakteria zaweza kusalimika. Kutasisha ni kuua vijidudu vyote pamoja na spora, kwa mfano kwa mvuke wenye shinikizo ndani ya otoklevu katika nyuzi joto 121 za Selsiasi.

Matumizi ya kifaa ndiyo huamua hatua inayohitajika. Kisu cha upasuaji huingia ndani ya mwili, hivyo ni lazima kitasishwe. Kitanda na mashine ya kupimia shinikizo la damu hugusa ngozi isiyo na jeraha, hivyo husafishwa na kupukuswa.

Uchafu huidhoofisha dawa

Klorini huua bakteria kwa kuharibu protini na viungo vingine vya seli. Lakini haibagui: hushambulia vilevile protini za damu, usaha na kinyesi. Ikimwagwa juu ya damu nyingi, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kwenye damu hiyo, na vijidudu vilivyofunikwa chini huponyoka.

Jambo hili lilibainika zamani maabara. Mwaka 1903, Rideal na Walker wa Uingereza walitoa kipimo kilicholinganisha nguvu ya kipukusi na ile ya fenoli dhidi ya bakteria wa homa ya matumbo. Kipimo chao hakikuongezewa uchafu wowote. Mwaka 1908, Harriette Chick na Charles Martin walichanganya kinyesi kilichokaushwa katika kipimo cha namna hiyo, ili kukaribia hali halisi ya matumizi. Dawa zilizoonekana kuwa na nguvu kubwa katika maji safi zilipungua nguvu mbele ya uchafu.

Maabara hupimaje kipukusi?

Vipimo vya sasa vimefuata njia hiyo. Katika kipimo kimoja kitumikacho Ulaya, mililita 1 ya maji yenye bakteria huchanganywa na mililita 1 ya protini inayowakilisha uchafu, kisha huongezwa mililita 8 za kipukusi. Muda uliopangwa ukiisha, huongezwa kemikali ya kuzima nguvu ya dawa. Kwa klorini hutumika thiosalfeti ya sodiamu. Hatua hii ni ya lazima. Bila ya hiyo, mabaki ya dawa yangeendelea kuwazuia bakteria wasiote, na dawa hafifu ingeonekana kuwa bora. Ili kipukusi kifaulu, katika kila bakteria 100,000 asisalie zaidi ya mmoja.

Kufaulu huko kunahusu dawa iliyotengenezwa upya. Iliyomo ndani ya ndoo ya wodi ina kipimo chake, kilichoelezwa na Kelsey na Maurer mwaka 1966. Mililita 1 ya dawa inayotumika huchanganywa na mililita 9 za kimiminika chenye kizima-dawa. Matone kumi hudondoshwa kwenye kila sahani kati ya sahani mbili za agari. Moja huwekwa katika nyuzi joto 37 kwa siku 3, nyingine katika joto la kawaida la chumba kwa siku 7. Koloni za bakteria zikizidi tano katika sahani yoyote, dawa hiyo imeshindwa kazi. Ndoo ya namna hiyo yaweza kuwa chanzo cha maambukizi, kwa kuwa bakteria kama *Pseudomonas* huweza kustawi katika vipukusi vilivyozimuliwa kupita kiasi au vilivyokaa muda mrefu.

Mambo ya kuzingatia

Damu ikimwagika, mhudumu avae glavu, aifyonze kwa kitambaa, asafishe kwa maji na sabuni, kisha apake klorini ya asilimia 0.5 na kuiacha kwa dakika 10. Dawa ya madoa yenye klorini ya asilimia 3.5 huzimuliwa kwa sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji; yenye asilimia 5, kwa sehemu 1 na sehemu 9 za maji. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, uhifadhiwe katika chombo chenye mfuniko kisichopitisha mwanga, na umwagwe mara unapochafuka. Klorini isichanganywe kamwe na tindikali au amonia, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu.

Mgonjwa na ndugu anayemuuguza nao wana nafasi yao. Wanayo haki ya kuuliza kwa upole ndoo ilitayarishwa lini, na nyumbani waanze kwa sabuni kabla ya dawa.

Hitimisho

Kipukusi hufanya kazi pale tu kinapokuta mahali palipokwisha safishwa, kikiwa na kiwango sahihi na kikipewa muda wa kutosha. Maabara yaweza kuthibitisha ubora wa dawa, lakini kinga ya mgonjwa hukamilishwa na mkono unaosugua kwanza, ukapima dawa kwa usahihi, kisha ukasubiri dakika zilizoelekezwa.