Kitimoto Bila Ngano: Vidokezo 12 vya Jikoni kwa Mkazi wa Kiloleli

Daktari amekwambia uache ngano. Au hujaambiwa na mtu, umeamua tu mwenyewe kujaribu mlo wa paleo, ule wa nyama, samaki, mboga, matunda na mizizi, bila nafaka wala sukari. Jambo la kwanza linalokujia kichwani ni gharama: nauli ya Mwanza, duka kubwa, pakiti za unga wa ajabu zenye bei ya ajabu zaidi. Tulia. Anayeishi Kiloleli, hapa mkoani Simiyu, tayari amezungukwa na karibu kila anachohitaji, kuanzia michembe ghalani hadi ukwaju njiani. Umakini unahitajika mahali pawili tu: kwenye chupa na pakiti za viungo, na kwa nguruwe mwenyewe, yaani kitimoto chetu.

1. Jua unachokikimbia

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Basi. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele na muhogo havina. Kwa hiyo kama shida yako ni gluteni peke yake, ugali haujakukosea kitu. Kinachokuhusu ni chapati, maandazi, mkate, tambi na bia ya shayiri. Paleo inakwenda mbali zaidi: inaondoa nafaka zote, maharage na jamii yake, maziwa na sukari. Ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya hujinyima bure. Na kama unahisi una siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni huumiza utumbo, pima kabla hujaacha ngano. Kipimo cha damu kinategemea mwili ambao bado unapokea gluteni. Ukiacha mapema, majibu yanaweza kukudanganya.

2. Usiige Ulaya, tazama Eyasi

Mlo wa paleo ulipata umaarufu kupitia kitabu cha Mmarekani Loren Cordain cha mwaka 2002, na watu wa mijini huko ng'ambo wakaanza kulipia fedha nyingi kula kama wawindaji wa kale. Sisi majirani zetu ng'ambo ya Meatu, kuzunguka Ziwa Eyasi, ni Wahadzabe, ambao wapo kati yao mpaka leo wanaoishi kwa nyama pori, mizizi, ubuyu, matunda na asali. Hawana orodha ya vyakula ukutani. Wanakula kinachopatikana kwa msimu, na somo kwako ni hilohilo: panga mlo kufuata gulio, usifuate picha za kwenye simu. Na usiwe mkali kupita kiasi. Nguruwe wa kufugwa hakuwepo enzi za mawe za kale, na viazi vitamu vimetoka Amerika. Anayekwambia sahani yake ni ya kale tupu anakuchekesha.

3. Anza na mhuri, si bei

Nguruwe aliyechinjwa uani jioni na kuuzwa gizani ni rahisi kwa sababu hakuna aliyemkagua. Nunua nyama iliyopitiwa na mkaguzi na kugongwa mhuri. Kama mnachinja nyumbani kwa sherehe, mwite mtaalamu wa mifugo aje aone kabla hamjagawana. Nawe ukifika nyumbani kata vipande na utazame kwa mwanga wa kutosha. Ukiona vilengelenge vyeupe vyenye maji, vidogo kama punje za mchele au vikubwa kidogo, hiyo ni nyama yenye lava wa tegu. Usiikaange, usiikaushe, usimpe mbwa. Irudishe na umjulishe mtaalamu. Usipoona kitu pia usijisahau, maana wakiwa wachache hujificha ndani ya msuli.

4. Lielewe tegu, maana halimhusu mla nguruwe peke yake

Ukila nyama mbichi au nusu mbichi yenye lava, unapata tegu tumboni, mnyoo unaoweza kufikia mita kadhaa. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo baya: mwenye tegu hutoa mayai kwenye kinyesi, na mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu yeyote kupitia mikono, maji au mboga isiyooshwa, lava wanaweza kwenda kukaa ubongoni na kusababisha kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu hili, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana nalo. Hata ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kuugua. Kwa hiyo choo, sabuni na maji safi ni sehemu ya mapishi. Nguruwe naye akae bandani: anayezurura hula kinyesi cha watu, na hapo mzunguko unaanza upya.

5. Iva ni iva

Steki ya nguruwe yenye uwekundu katikati waachie wengine. Mwenye kipimajoto cha jikoni alenge nyuzi 71 za Selisiasi katikati ya pande nene. Asiye nacho akate kipande kikubwa kuliko vyote: nyama iwe imebadilika rangi mpaka ndani, na majimaji yake yawe meupe, si mekundu. Vipande vya ukubwa sawa huiva pamoja, hivyo usichanganye mapande ya mbavu na vinofu vya kidole. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

6. Usimwage mafuta juu ya mafuta

Mkoa wa pamba hauna shida ya mafuta ya mbegu, lakini paleo huyakwepa, na kitimoto hakiyahitaji. Weka vipande kwenye sufuria baridi, tia chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na nusu kikombe cha maji, funika, kisha bandika kwenye moto wa wastani. Nyama itachemka kwanza. Maji yakikauka, shahamu itakuwa imeyeyuka, na nyama itaanza kujikaanga yenyewe. Hapo funua, geuzageuza mpaka iwe ya kahawia. Kilo moja huchukua kama saa nzima, kutegemea mkaa wako na umri wa nguruwe. Mafuta yanayobaki yachuje kwenye chombo safi kikavu chenye mfuniko. Yatakufaa kukaangia mboga kesho. Kijiko kimoja kinatosha. Mwenye shinikizo la damu au tatizo la moyo azungumze na daktari wake kwanza, na achague paja kuliko mbavu.

7. Ile chupa nyeusi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu ameacha chapati, ameacha maandazi, halafu anamimina soya sosi kwenye kitimoto. Soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Kwa mwenye siliaki huo ni mkate wa maji. Kwa mtu wa paleo ni kosa mara mbili. Vilevile soma maandishi ya pakiti za viungo vya mchuzi, vya pilau na vya kuchomea nyama, kwa sababu vingine hutiwa unga. Soseji pia, nyingi hujazwa unga wa ngano. Dawa yake ni kununua viungo vizima, bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, mdalasini, na kutwanga mwenyewe. Unataka rangi nyeusi ya kuvutia? Kaanga vitunguu maji polepole mpaka viwe kahawia iliyokolea, kisha rudisha nyama humo.

8. Ukwaju ufanye kazi ya siki na ya sukari

Loweka ukwaju wa kujaa kiganja kimoja kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja. Changanya na tangawizi iliyopondwa, punje tano za kitunguu saumu, pilipili na chumvi. Paka kwenye kilo moja ya nyama na uiache saa moja mahali pa baridi. Uchachu hukata ule ukinaishaji wa shahamu, na utamu mdogo wa ukwaju huipa nyama rangi ikikaribia moto. Msimu wa maembe, tumia embe bichi lililokunwa. Limao nalo halijawahi kumwangusha mtu. Usiku mmoja kwenye ukwaju hauondoi tegu, kwa hiyo kidokezo cha 5 kiko palepale.

9. Michembe na matobolwa, hazina ya ghala lako

Swali la kwanza la kila Msukuma aliyeacha ugali: sasa nitashiba na nini? Viazi vitamu. Vikiwa vibichi, vichome au vichemshe na maganda yake. Kiangazi kikifika, fungua ghala. Michembe, vile vipande vilivyoanikwa vikiwa vibichi, vioshe na uvichemshe mpaka vilainike, kisha vimwagie mchuzi mzito wa nyama badala ya maziwa. Matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, unaweza kuvitafuna hivyohivyo na vipande vya nyama kavu, chakula safi cha kubeba shambani. Vilivyoota ukungu tupa, usivioshe na kuvipika. Ndizi za kupika na muhogo pia vinakubalika, ila muhogo mchungu upitie hatua zake zote za kumenya, kuloweka na kukausha. Na ukitaka mchuzi mzito, ponda kiazi kimoja kilichoiva na ukikorogee humo. Huhitaji unga wa ngano.

10. Nsansa bila karanga

Nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, huungwa kwa karanga, na paleo inazihesabu karanga katika jamii ya maharage. Usikate tamaa: kaanga mbegu za maboga bila mafuta, zitwange, kisha ungia mboga. Ufuta nao unafanya kazi hiyohiyo. Kwa mboga mbichi una mgagani, matembele, majani ya maboga na mlenda. Mgagani wenye uchungu kidogo unaendana vizuri na nyama yenye shahamu. Upike kwa kijiko cha mafuta uliyoyachuja, nyanya na kitunguu. Sahani yako iwe na mboga nyingi kuliko nyama. Paleo ya kula kilo nzima ya kitimoto na kipande cha nyanya ni sherehe, tusiiite mlo.

11. Kibandani uliza maswali matatu

La kwanza: mmetia soya sosi? La pili: mafuta haya mmekaangia nini kingine leo? Kama asubuhi yalikaanga maandazi au sambusa, chembe za ngano zimo, na kwa mgonjwa wa siliaki zinatosha kuharibu siku. La tatu: nyama imekaa nje tangu saa ngapi? Kwa joto letu, nyama iliyopikwa isikae zaidi ya saa mbili mezani. Njia rahisi ni kuagiza iliyochomwa kwa chumvi tu, ndizi za kuchoma na kachumbari ya limao. Ukifungiwa ya kwenda nayo, ipashe mpaka itoe moshi kabla ya kula, mara moja tu, na usiibakize tena. Kama unafuga, usiwape nguruwe makombo ya nyama yao: homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu, lakini husafiri ndani ya nyama na kumaliza banda zima.

12. Panga wiki, na umfikirie mgeni

Ukiondoa maziwa na maharage, kalsiamu na protini ya bei nafuu vinaondoka pia. Dagaa wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao wanaziba pengo hilo vizuri, hivyo kitimoto kisiwe kila siku. Mfano wa siku tatu: Jumatatu dagaa wa limao, matembele na viazi vya kuchemsha, Jumanne mayai mawili na mlenda asubuhi, kuku wa kienyeji na ndizi jioni, Jumatano kitimoto cha ukwaju, mgagani na michembe. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasikatiwe makundi ya chakula bila ushauri wa mtaalamu wa lishe.

Na meza yako ina majirani. Waislamu hawali nguruwe, Wasabato hawali, na wote wawili ni marafiki zako. Tenga sufuria na mwiko wa kitimoto, usitumie mafuta yake kwenye mboga ya mgeni, na mwambie ukweli kabla hajaketi. Siku yao chinja jogoo au nunua nyama ya mbuzi, upake ukwaju uleule na uweke michembe ileile pembeni. Mbuzi hana shahamu nyingi ya kujikaangia, kwa hiyo mwongezee maji na nusu saa zaidi ya moto mdogo.